Muuza Rangi Aulizwa Anapenda Ipi

Mama muuza rangi amepita miaka hamsini, na kucha zake hazitakati hata asugue vipi. Duka aliachiwa na baba yake kwa kuwa ndiye kifungua mimba, na ndugu yeyote akipiga simu kuomba lolote, humjibu kwa upole uleule, "Haya, mkubwa ni jalala." Hukoroga kopo polepole, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza siri.

Juzi binti mmoja aliyekaribia kuolewa alishindwa kuchagua, akamuuliza, "Shangazi, kwako umepaka rangi gani?"

"Sebuleni ile aliyoitaka baba. Vyumbani, aliyoichagua mdogo wangu wa kiume."

"Na wewe mwenyewe unapenda ipi?"

Mkono uliokuwa ukikoroga ukasimama. Akacheka kidogo, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa tangu azaliwe, kisha akamshauri binti achukue samawati, akamfungia kopo. Duka lilipobaki tupu alifungua kitabu cha sampuli, akapitisha kidole juu ya rangi moja baada ya nyingine mpaka ukurasa wa mwisho. Hakuona hata moja ambayo angeweza kuapa kwamba anaipenda. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya.