Shemeji Ishaka na Maziwa ya Bi Biubwa

Shemeji yangu Ishaka alisoma falsafa chuo kikuu Dar miaka mitatu, kisha akarudi hapa Fukayosi kulima mananasi. Husimama katikati ya shamba, jembe begani, akiuliza kama mche uliochipua kwenye nanasi la mwaka jana ni nanasi jipya au ni lile lile. Watu humcheka. Mimi nilimshuku. Niliishia darasa la saba, lakini vitendawili navijua: ukitega, mwenzio akashindwa, anakupa mji, nawe huna budi kutoa jibu. Ishaka huchukua mji, jibu hatoi.

Mwaka huu Mtoro, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alileta posa kwa mdogo wangu Wahida. Nyumba nzima tulifurahi. Siku ya kujibu posa, mama yake Mtoro, Bi Biubwa, akasema neno lililotukausha. Zamani mama yetu alipolazwa hospitali, Wahida akiwa wa miezi minne, yeye alimnyonyesha pamoja na kitinda mimba wake.

Shehe aliyealikwa kushuhudia akaeleza: zikitimia mara tano kamili, Wahida na Mtoro ni ndugu wa kunyonya, hawaoani. Zisipotimia, au yakini ikikosekana, ndoa ipo.

"Mara ngapi, dada?" mama yetu akamuuliza.

"Nne. Tano. Mwenzangu, nani anahesabu titi?"

Wahida alikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia pumzi zake zikitulia.

Ishaka, aliyekuja na upande wa Mtoro na kuketi kando yake, akakohoa. "Hili ni kama lile swali la lundo la mchanga. Ukitoa punje moja, bado ni lundo. Ukitoa nyingine, bado. Ni punje ipi inayolivunja?"

"Enhe, ipi?" nikamuuliza.

"Wanabishana tangu kale, mpaka leo."

"Na chuo kikakupa cheti kwa hilo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajiambia: huyu kaja kututimulia vumbi, rafiki yake apite humo humo.

Nilikuwa namnyonyesha binti yangu Samia chini ya kanga. Akaacha titi, akapiga chafya, akarudi.

"Shemeji," Ishaka akasema, "hiyo sasa ni mara ya pili?"

"Ya pili wapi! Ndiyo hiyo hiyo. Amevuta pumzi tu."

"Mara moja inaisha lini basi?"

Nilitaka kumnyima jibu. "Akishiba akaacha mwenyewe, akalala."

Shehe akatikisa kichwa kukubali. Ishaka akamgeukia Bi Biubwa.

"Mama, achana na hesabu ya titi. Wahida alilala mara ngapi kifuani pako?"

Bi Biubwa akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya goti. Adhuhuri, kwenye mkeka. Magharibi, mvua inanyesha. Usiku, mara mbili. Alfajiri. Tena adhuhuri ya pili, ndipo akamkabidhi kwa bibi yetu. Kidole cha sita kilipogusa goti alifumbua macho, yamejaa maji.

"Si ungenyamaza, Ishaka!" Wahida akapiga kelele nyuma ya pazia.

"Ungeolewa na shaka, Wahida."

"Ningeolewa!"

Ishaka akamtazama Mtoro, Mtoro akatazama mlango. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Ishaka alijua swali lake lingeweza kumwangukia rafiki yake, na bado akaliuliza. Simshuku tena yeye. Nayashuku maswali yenyewe. Lile la lundo lingali palepale walipoliacha wazee wake wa vitabuni. Hili letu limepata jibu, na sioni aliyesogea mbele.

Ijumaa Mtoro alikuja kutujulia hali, kama ndugu. Shehe alishasema Wahida hana haja tena ya kujifunika mbele yake. Wahida aliposikia hodi ile alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi, akamwekea kiti, akaingia ndani.