Jumamosi ya Kumwaga Oili

Baba alikuwa dereva Dar es Salaam, kwenye ofisi moja iliyokuwa na magari manane ya Kimarekani. Yote yalikuwa ya aina moja, meusi, marefu, usukani kushoto. Yalipewa namba, moja mpaka nane, na la baba lilikuwa namba tano. Ruksa ya biashara huria ilipokuja, maduka yakajaa sabuni na redio, lakini ofisi yao ikafungwa. Madereva wakaambiwa kila mmoja achukue gari lake, ndicho kiinua mgongo. Wengine waliyauza kabla ya kutoka getini. Baba alipakia godoro, birika na sanduku la spana, akaendesha siku mbili mpaka Tukuyu.

Mimi nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu, pale mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, kwenye nyumba aliyoijenga babu, aliyekuja kutoka pwani na cherehani yake. Gari likakata kona, likaendelea kukata kona. Halikuisha haraka.

“Mzee, hilo gari au ukumbi?” fundi viatu wa jirani alimwuliza baba.

“Ukumbi. Karibu, kuna nafasi ya bendi.”

“Pua imefika kwako, mkia bado uko Ibighi!”

Watu walicheka. Baba naye alicheka, lakini alipomaliza alichukua kitambaa akafuta vumbi kwenye kila taa, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Gari lile halikuwa na klachi, jambo ambalo vijana wa gereji walikataa kuliamini mpaka wachungulie wenyewe. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kizima, watu watatu walikaa bila kubanana. Lilikunywa petroli bila aibu. Na kwa kuwa usukani ulikuwa kushoto, baba hakuweza kuona mbele akitaka kulipita lori. Alihitaji mtu wa kulia, na huyo nilikuwa mimi. Nilitoa kichwa dirishani nikasema “bado, bado, pita!” naye alikanyaga mafuta bila kuuliza mara ya pili. Najiuliza mpaka leo ilikuwaje nikaweza. Shuleni nikiulizwa swali nasimama, najua jibu, na jibu haliji mdomoni. Walimu wameshazoea. Ndiyo maana naandika kwenye daftari. Ndani ya gari tu ndipo nilipokuwa na sauti.

Tulilikodisha kwa harusi, na kwa wagonjwa wa kutoka vijijini. Watu walilipenda kwa sababu halikuwahi kumwacha mtu njiani. Hata mara moja. Pikapu za madereva wengine zilikuwa zikisukumwa kila juma, hilo la baba likiwaka kwa mguso mmoja. Alipoulizwa siri, alitoa daftari lenye jalada gumu, lenye madoa ya grisi, alilokuja nalo kutoka ofisini.

“Magari manane,” alisema. “Miaka yote niliyokaa pale, mkubwa akitaka gari saa kumi na moja alfajiri, gari lipo. Halijawahi kukosekana. Unajua kwa nini? Kila gari lina siku yake ya matengenezo, na siku hiyo haiguswi. Hata aje nani.”

Siku ya namba tano ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Akitoka msikitini alfajiri anavaa ovaroli, anamwaga oili, anafungua plagi, anafungua kabureta, anasafisha, anafunga. Kufika adhuhuri amemaliza. Mara moja alikataa harusi ya mtoto wa diwani kwa sababu iliangukia siku hiyo. Mama alimwambia, “Baba, si ufungue kesho yake?” Akajibu, “Ukihamisha siku moja, umehamisha zote.” Spana zake zilikuwa za inchi, hakuna mwingine Tukuyu aliyekuwa nazo, kwa hiyo hata angetaka msaidizi asingempata. Alifanya peke yake.

Mama yangu ni wa Masukulu, kwa wakulima wa migomba na chai, watu wa kanisa. Bibi, mama yake mama, aliishi huko na mjomba wangu. Bibi alilipenda gari hilo kuliko sisi wote. Mara ya kwanza kupanda alivua kandambili akaziacha barabarani, kwa sababu ndani kuna zulia. Ilibidi turudi kuzifuata. Lakini hakukaa mbele hata siku moja, na hakumwambia baba neno moja kwa moja. Baba ni mkwe wake. Kwao mama mkwe hamkazii mkwe macho, wala hamtumi. Akiwa na neno alijifunika khanga mpaka kwenye pua akaniambia mimi, mjukuu wake, “Mwisukulu wangu, mwambie baba yako apunguze mwendo.” Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwake na amesikia. Hata hivyo alisubiri mimi niseme, kisha ndipo apunguze. Huo ndio ulikuwa ukubwa wa heshima yao. Maneno ya bibi kwenda kwa baba yalipita kwangu, sikumbuki hata moja lililopita kwingine.

Siku moja baba alisema, akiniangalia mimi ili bibi asikie, “Mwambie bibi yako, akiumwa atalala kiti cha nyuma amenyoosha miguu, mpaka hospitali.” Bibi alicheka ndani ya khanga. Akashukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga. Mwambie nimesikia.”

Mwaka huu mvua zilianza mapema. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba na miguu imemvimba. Ijumaa moja mchana, mama akiwa amelala, alikuja mwanamke wa Masukulu anayeuzaga ndizi sokoni. Hakutua hata mkungu. Alinivuta pembeni.

“Bibi yako kifua kimembana tangu juzi. Amesema hivi: umwambie baba yako, kesho asubuhi aje na gali amchukue. Mama yako asiambiwe, atashtuka na hali aliyonayo. Baba yako tu. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Ludia.”

Nikarudia. Neno kwa neno.

Baba alirudi kutoka swala ya Ijumaa na wazee wawili, wakakaa barazani. Nilipeleka kahawa. Nikasimama. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa fupi: bibi anaumwa, kesho uende. Mzee mmoja akaniangalia.

“Binti ana shida?”

“Hapana. Nasubiri vikombe.”

“Huyu hasemi,” baba aliwaambia, “huyu anaandika tu. Siku moja tutasoma habari zetu wote.” Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nilihisi uso umewaka moto. Nikaingia ndani.

Nikasema nitamwambia baada ya magharibi. Baada ya magharibi tulikula pamoja na mama, nisingeweza kusema mbele yake. Baada ya chakula baba alisikiliza taarifa ya habari, na kwetu taarifa ya habari haikatizwi. Kisha akaniaga, akaenda kulala, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya namba tano. Nilikwenda chumbani nikafungua daftari langu nikaandika: Asubuhi na mapema nimwambie baba asifungue gari, bibi anaumwa. Ninayo mpaka leo hiyo sentensi. Nikishaandika jambo huwa naliona kama limefanyika. Nikalala vizuri kabisa.

Nilipoamka mvua ilikuwa inanyesha na karai lilikuwa tayari chini ya injini, limejaa oili nyeusi. Boneti iko juu, turubai limefungwa juu yake. Baba amelala chini, miguu tu inaonekana.

“Nani? Wewe? Niletee lile kopo.”

Nikaleta. Sikusema. Hapa ndipo sijisamehe, kuliko jana yake. Jana yake niliona aibu. Asubuhi ile nilipiga hesabu. Nilijiambia akifika adhuhuri atakuwa amefunga, nitasema hapo, tutaondoka, na hakuna atakayejua kuwa nilichelewa. Baba akatoka chini ya gari, akaanza kufungua pampu ya maji, kitu ambacho hakuwa akikifungua kila mwezi. Alisema ilikuwa inavuja tone moja moja. Nilimshikia bakuli la nati.

Saa tatu na nusu mjomba alifika na baiskeli, matope mpaka kifuani. Hakusalimia.

“Shemeji, gali liko wapi? Tunakusubili tangu alfajili.”

Baba alisimama, mikono miwili meusi. Mama alikuwa ametoka mlangoni, ameshika kiuno.

“Mnanisubiri kwa lipi?”

“Mama hawezi kupumua. Si alituma neno jana?”

Mjomba akaniangalia. Kwa sababu alijua, kama wote tulivyojua, kwamba neno la bibi hupita kwangu. Baba naye akaniangalia. Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua aliusoma wote, tangu Ijumaa mpaka pale.

“Kweli,” baba alisema. “Nililetewa neno jana. Nikasahau.”

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, “Umesahau mama yangu, ukakumbuka kumwaga oili.”

Baba alirudi kwenye injini. Gasketi ya pampu ilichanika alipoirudisha. Akaomba kitu kigumu. Nikamletea jalada la daftari la jiografia, akalikata kwa wembe. Mjomba alikwenda kutafuta gari jingine. Pikapu moja ilikuwa imekwenda Kyela kufuata mchele, nyingine ilikuwa juu ya mawe. Mwishoni dereva wa lori la majani ya chai alikubali kushuka Masukulu akishapakua. Mjomba akapanda, baiskeli akaiacha kwetu.

Tulifunga boliti ya mwisho saa saba kasoro. Gari likawaka kwa mguso mmoja, kama kawaida yake. Mimi nilikaa kulia. Mama alikataa kupanda. Barabara ilikuwa tope tupu na gari lile liko chini, tumbo lake lilikuwa linasugua matuta, lakini halikukohoa wala halikukwama. Tulikutana na lori kwenye mteremko, linapanda. Mjomba alikuwa amesimama nyuma, kofia mkononi. Dereva akazima injini.

Mjomba alikuja upande wangu, akainama dirishani. Aliongea na baba huku akiniangalia mimi.

“Hakuna haja ya halaka, shemeji. Ametutoka hapo chini, dalajani.”

Walimtoa bibi juu ya mabaki ya majani ya chai, wakamlaza kiti cha nyuma. Miguu ilinyooka yote na nafasi ikabaki. Khanga yake ilikuwa na harufu ya majani mabichi. Baba aligeuza gari, ikamchukua muda mrefu, mbele na nyuma, mbele na nyuma, barabara ilivyo nyembamba. Nilipaswa kumwelekeza upande wa kulia, na sikuweza. Akageuza mwenyewe. Tukamrudisha nyumbani kwake.

Siku tatu za msiba gari lilibeba watu, maji, kuni, mchungaji, masufuria. Halikuzimika hata mara moja. Akina mama wa Masukulu walikuwa wakisema, bila kupunguza sauti, “Si hilo hapo? Kumbe linatembea.” Baba aliwasikia. Alikuwa anafungua milango na kufunga.

Tuliporudi nilimfuata nyuma ya nyumba, alikuwa anaosha matope.

“Baba, kwa nini ulisema umesahau?”

Aliendelea kumwaga maji kwenye tairi. “Ungeniambia jana yake, ningefungua vilevile. Ilikuwa siku yake.”

Sikujua kama ni kweli au amenihurumia. Mpaka sasa sijui. Kisha akasema, na sidhani alikuwa anasema na mimi, “Kule mkubwa hakukosa gari kwa sababu namba tano likiwa limefunguliwa, namba sita limesimama getini. Mimi nikachukua daftari, nikadhani nimechukua yote manane.”

Nikamwambia nitamweleza mama. Akasema, “Mwache ajifungue kwanza.”

Mama amejifungua mtoto wa kike, amempa jina la bibi. Baba bado anafungua gari Jumamosi ya kwanza, ila siku hizi anafungua kitu kimoja kimoja, na anafunga kabla ya kugusa kingine. Mama na yeye wanaongea mambo ya chumvi na mkaa tu.

Jana nilimwambia. Mama alikuwa anafua nepi, mimi nimembeba mtoto. Nilisema yote bila kusimama, kahawa, vikombe, daftari, bakuli la nati. Sauti yangu niliisikia kubwa mno. Hakuacha kufua. Nilipomaliza akauliza:

“Bibi yako alisema nani asishtuliwe?”

“Wewe. Alisema usiambiwe, utashtuka na hali uliyonayo.”

Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Msibani mama hakulia, watu walimsema kwa hilo. Sasa alilia, kwa sauti, kwa Kinyakyusa, akimwita mama yake, povu likimtiririka mpaka kwenye viwiko. Mtoto akaanza kulia naye. Niliona kivuli cha baba mlangoni. Alikaa hapo muda mrefu, hakuingia, na hakuondoka.