Geji ya Trekta la Mama

Mshale wa geji mpya ya joto ulionyesha baridi huku injini ya trekta ikiungua. Leo, kwenye foleni ya Tegeta, harufu ya rejeta iliyochemka imenirudisha kwenye trekta kuukuu la mama, lililotulisha kwa kulima mashamba ya watu.

Siku ile fundi alikuwa ametoa maji ya rejeta ili afunge geji. Trekta lilipowashwa, mama, aliyezoea kupima joto kwa kiganja, aligusa injini akauvuta mkono haraka.

“Zima, fundi.”

“Mama, geji mpya hii. Kiganja hicho cha zamani.”

“Maji ulirudishia?”

“Si nilijua umerudishia wewe.”

Bila maji, geji haikuwa na cha kupima. Fundi akazima. Mama akasimama na ndoo, akisubiri chuma kipoe kwanza, maji ya baridi yasije yakakipasua. Kama injini ilikuwa imeshapasuka kwa joto, hakuna aliyejua bado.