Aliyekuwa Ndani ya Akaunti Yangu

Simu yangu iliniambia kwamba nimeshaingia, wakati bado niko nje.

"Akaunti hii inatumika kwenye kifaa kingine." Ndivyo ilivyoandika. Nikajaribu tena, vilevile. Nikazima simu, nikawasha, wapi.

Ngoja niwaeleze vizuri. Naitwa Nyangi, nauza samaki hapa Musoma. Umoja wetu wa wauza samaki una mfumo wa mtandaoni. Mteja anachagua muuzaji, anaagiza, wewe unakubali na kupeleka mzigo. Wateja wangu wako Bunda na Butiama, na kwa biashara hiyohiyo nasomesha watoto wangu peke yangu.

Sasa, mimi nilikuwaga naenda mwenyewe kisiwani Rukuba kuchagua sato. Kule mtandao ni wa kubahatisha, na oda ikikaa bila kujibiwa, mfumo unampa muuzaji mwingine. Kwa hiyo wengi wetu tunaachaga neno la siri kwa mtu aliyebaki mjini, atujibie.

Wangu alikuwa Judith, wa mtaa wa Mwisenge hapahapa mjini. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa yangu, na mume wangu alipofariki alilala kwangu mpaka nikaweza kula. Ningemnyima nini mtu kama huyo?

Nikampigia. Akacheka, akasema ni mtandao tu, nitulie. Nikatulia.

Wiki ikaisha sijaingia. Nikampigia mpishi wa shule moja kule Butiama, nikamuomba radhi kwa kutopeleka samaki. Akashangaa.

"Mbona jana tumepokea? Yule dada uliyemwachia biashara anajua kazi."

Nikauliza dada gani. Jina hakulijua, ila huyo dada alimwambia kwamba mimi naumwa na nimeacha kazi.

Nikampigia Judith nikilia. Naye akalia, jamani. Akaniombea kwenye simu, akataja na watoto wangu kwa majina. Nikalala nikimshukuru Mungu kwa rafiki niliye naye.

Kesho yake nikapanda basi mpaka Bunda, kwa Lameck, fundi aliyetengeneza mfumo. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Nikamwambia mimi ni Nyangi. Akanitazama kama anayemtazama tapeli.

"Nyangi naongeaga naye kwa simu. Alilalamika kuna mtu anaingia kwa jina lake, akaniomba nizuie watu wawili kuingia pamoja. Nikaweka hivyo: aliyemo anabaki, mwingine anasubiri nje."

Sikubishana. Nikatoa kitambulisho cha taifa. Akakilinganisha na picha yangu ya kujisajili, akaona ni mimi. Kisha akamtoa aliyekuwemo, akaniambia niingie haraka. Nikaingia.

Hata sijashusha pumzi, simu ya Lameck ikaita. Akaweka sauti ya nje.

"Kaka Lameck, ni Nyangi hapa. Yule mwizi wangu ameingia tena. Mfungie moja kwa moja, ananiharibia jina."

Ilikuwa sauti ya Judith. Ileile iliyoniombea jana yake.

Lameck akanisogezea simu. Nilikuwa na matusi ya kutosha, ya Kiswahili na ya kikwetu, yote yakanikauka mdomoni.

"Judith," nikasema, "Nyangi ni mimi."

Akaniuliza, kwa upole wake uleule: "Shoga, mbona hukuniambia unaenda Bunda?"

Hapo ndipo nilipolia kweli. Lameck akawa ananiomba radhi kwamba hakuwahi kulinganisha namba ya aliyempigia na ile niliyojisajilia, lakini sikuwa namsikia vizuri.

Neno la siri nimebadilisha, na Judith hatusalimiani. Wateja wa Bunda wamerudi. Wa Butiama wengi wamebaki naye, wanamwagiza kwa simu. Niliwaeleza yote, wakanisikiliza, wakanipa pole, wakasema samaki wake nao hawana shida. Hiyo inaniuma kuliko wizi wenyewe.

Nakwambia wewe unayesoma, hasa kama kuna mtu ana neno lako la siri sasa hivi. Mfumo unaweza kuzuia watu wawili wasiingie kwa jina moja, ila haujui yupi kati yao ndiye mwenye jina. Mimi ndiye niliyetakiwa kulilinda jina langu, nikamkabidhi mtu kwa sababu aliwahi kunifuta machozi.