Tamale za Uzi Mwekundu

Habari ilinikuta jikoni kwa mama, mtaa wa Hail hapa Maskati, nikimenya vitunguu. Mjukuu wa bibi aliyenipangisha chumba kusini mwa Meksiko alinitumia ujumbe wa sauti: bibi amefariki, wameshamzika. Niliusikiliza nimesimama, kisha nikaendelea kumenya. Maskati nzima hapakuwa na mtu aliyemjua, ambaye ningekwenda kulia kwake.

Nimehamahama tangu nilipomaliza sekondari. Sehemu nyingi nililala tu. Kwa yule bibi ndiko nilikokula. Asubuhi aliosha mahindi yaliyolala ndani ya maji ya chokaa, akayasugua mpaka maganda yakatoka, akasaga. Maharage yalikuwa motoni tangu alfajiri. Pilipili alizikaanga kavu hadi nyumba nzima tukakohoa, mwenyewe akicheka. Siku hizi hata hapa kwetu, mtaa wa Khuwair, vijana wanapanga foleni mkahawani kula chakula cha Kimeksiko, nami nafurahi, ingawa jibini lote wanalotia humo lingemtia bibi hasira.

Mama hakupenda habari zake. Kila nilipomtaja alinikatiza: "Nenda basi kwa bibi yako wa mahindi akakupikie." Kwa hiyo siku ile nilimwambia kwa sauti ndogo.

"Kafa?" akauliza. "Alikuwa akikupikia nini, hasa?"

Nikamweleza tamale: unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukatiwa nyama ndani, ukafungwa kwa jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Wapangaji wenzangu walikula za mafuta ya nguruwe. Zangu bibi alizikanda kwa mafuta ya alizeti kwenye bakuli la peke yake, akatia kuku, akazifunga kwa uzi mwekundu zisichanganyike. Sikumwomba. Aliniuliza mara moja tu kwa nini siigusi nyama ya nguruwe, na hakuniuliza tena.

Mama alinitazama. "Alikuwa akikutengea?"

"Siku zote."

"Na miye nnamwita bibi wa mahindi." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Hebu kakate majani nyuma ya nyumba. Tupike, tuwagawie majirani."

Unga nilikuwa nao, niliununua Khuwair. Tulitumia samli. Mama alifunga vizuri kuliko mimi, maana majani ya mgomba kayazoea kwa shuwa, nyama yetu ya sikukuu ya kuchoma shimoni. Lakini pilipili haikuwa ile, na unga ulitoka mzito. Nilipoonja nikajua kwamba tamale ya bibi sitaila tena. Hapo ndipo nilipolia.

Jirani yetu, mwanamke aliyezaliwa Unguja kama mama, alikuja kuchukua sahani yake. Akafungua jani, akashangaa. "He! Nlidhani shuwa. Kwani leo sikukuu gani?"

"Si sikukuu," mama akasema. "Huyu kafiwa na mamaake."

"Mamaake? Na wewe uliyekaa hapo nani, mzuka?"

"Miye nimemzaa. Yule kamlisha nilipokuwa simwoni."

Jirani akaacha kucheka. Akafuta vidole, akanishika mkono. "Pole, baba," akasema.

Akakaa, akala polepole, akaomba nyingine, na mama akaanza kumsimulia habari za yule bibi kana kwamba waliishi mtaa mmoja. Mengi aliyakosea. Sikumsahihisha.