Suti ya Maiti

Mimi kisasi sikisahau. Wapo watu waliojaliwa kusamehe; nawaona wakinenepa na kulala usingizi mzuri. Mimi mtu akinicheka leo, hata mwakani nitakuonyesha mahali aliposimama na meno aliyoyatoa.

Na wanaonicheka ni wengi, kwa kuwa navaa suti za zamani. Si hizi za kubana zinazoning'inizwa madukani siku hizi, ambazo mtu akikaa huwezi kujua kama ataweza kusimama tena. Langu ni koti refu lenye mabega, kizibao, suruali pana na kofia ya pama yenye utepe mweusi. Hivyo ndivyo ninavyokwenda kazini kila siku. Natoka kwangu upande wa Likoni, navuka Feri, kisha nakata Kibokoni kwa miguu hadi ofisi ndogo ya uwakala wa mizigo karibu na Bandari ya Kale, ninakofanya ukarani. Watu huniuliza kama sioni joto. Naona. Lakini nikivaa hivyo najiona mtu kamili, na hilo halihitaji idhini ya mtu.

Feri ndiko shere inakoanzia. Muuza karanga huniuliza kama leo naenda kortini au naenda kuoa. Askari mmoja aliwahi kunipigia saluti, akagundua kosa lake mkono ukiwa bado kichwani, akamalizia kwa kujikuna. Mama mmoja alinishika mkono akaniomba nimpatie mwanawe kazi bandarini, na nilipomwambia kwamba mimi ni karani tu, alinitazama kana kwamba nimemwibia. Wapo wanaoniita mheshimiwa, wapo wanaoniita mchungaji, na mimi ni Mdigo, nimesomeshwa Kurani tangu sijaota meno ya pili.

Kulikuwa na mpiga debe mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, aliyezoea kuninyakua kofia kichwani, akaivaa na kuwachezea abiria. Nilimwomba kwa adabu aache. Akacheka. Nikaenda kwetu Matuga, ambako upupu huota wenyewe kando ya njia, nikachuma na kuusugua ndani ya kofia kuukuu iliyotoboka. Siku ya kurudi kazini nilikuja nimeishika mkononi, mbali na mwili. Aliinyakua kama kawaida yake, akaivaa, akacheza. Jioni nilimkuta amenyoa kipara. Nilimpa salamu, nikamuuliza habari za watoto.

Huyo alikuwa mchezo. Aliyenikaa rohoni ni wa Kibokoni.

Kwanza niseme suti aliyoicheka niliipataje. Zamani nilikuwa mpangaji katika nyumba moja ya ghorofa pale Kibokoni, chumba cha chini. Juu walikaa wenye nyumba, mzee na mkewe, watu wa kale wa mji. Mzee alinizoea. Alipoona napenda kuvaa, alinifungulia sanduku lake akanionyesha suti ya kitani aliyokuwa akiivaa alipokuwa karani kama mimi. Zamani ilikuwa nyeupe; sasa ilikuwa imegeuka rangi ya samli. Aliiacha alipostaafu, akarudi kwenye kanzu na kikoi, na bitana ya koti ilipochakaa mkewe aliitia kiraka cha leso yake mwenyewe.

Mzee aliugua kwa muda mrefu. Mabinti walikuja na kukesha naye. Mtoto wake wa kiume, mmoja tu, alikuwa Uarabuni kwenye biashara. Kila jioni mzee alimuulizia, na mkewe, Bi Mkubwa, akanipa simu nimpigie, kwa kuwa macho yake hayakuona tena tarakimu. Mimi ndiye niliyeishika ile simu, sauti ikitoka kubwa ili mgonjwa asikie. Jibu lilikuwa lile lile: "Mwambieni avumilie. Mwezi ujao naja." Miezi ikaja, mtu asije. Tukamzika mzee alasiri moja. Bi Mkubwa alipomaliza eda aligawa nguo za marehemu sadaka, kanzu kwa hawa na vilemba kwa wale, na ile suti na kofia akanipa mimi. Kisha akahamia kwa binti yake Ganjoni, nyumba ikafungwa, na mimi nikahamia Likoni.

Muda ukapita. Siku moja nakatiza Kibokoni nimevaa suti ile ya kitani, nikaona nyumba iko wazi na baraza yake imejaa wanaume wenye vikombe vya kahawa. Katikati amekaa mmoja mwenye kanzu inayong'aa na saa kubwa. Aliponiona akainua mikono, akasema kwa sauti ya msibani, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Maiti yuwapita!"

Baraza nzima ikaanguka kwa kicheko.

"Sanda hiyo umeshonewa na nani?" akaniuliza. "Jamani, muulizeni yuwazikwa lini, twende tukamswalie."

Nilikwenda zangu, masikio yakiniwaka. Siku ya pili akarudia, na ya tatu, na wenzake wakajifunza kuitikia. Nikitokea tu kwenye kona, wanaanza kupeana pole za msiba. Wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Watoto wa madrasa wakalishika jina. Nikaitwa Marehemu hadi mlangoni pa ofisi. Wateja wakalisikia, na bosi wangu akaniuliza, kwa upole unaoumiza kuliko matusi, kama siwezi kuvaa kama watu wengine. Ningeweza kupita njia nyingine, lakini nikibadili njia nitakuwa nimemkabidhi mtu yule mtaa mzima, na suti nayo.

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta upupu niliposikia jirani wa zamani akimwita kwa jina. Nikamjua. Ndiye yule wa simu. Amerudi kutoka Uarabuni, amefungua duka la manukato chini ya nyumba, katika chumba kilichokuwa changu. Alikuwa amekaa juu ya baraza ya babake, akiicheka suti ya babake, na hajui. Wakati suti ile inaingia sandukuni yeye alikuwa mtoto wa madrasa anayesoma juzuu amma. Hakumbuki kuiona mwilini mwa mzee, na siku ilipogawiwa hakuwapo.

Sikumwambia siku ile. Nani humaliza tonge tamu kwa mkupuo mmoja? Nilianza kuivaa suti ya kitani mara nyingi zaidi. Nilipita polepole. Kila alipoinua mikono na kuniombea rehema, nilimwitikia amina moyoni, mate yakinijaa kinywani.

Nikachagua Ijumaa, baada ya alasiri, baraza ikiwa imejaa wazee na muuza kahawa yupo na dele lake la shaba juu ya makaa. Aliponiona alinipungia mkono nije, akaita, "Marehemu! Ndoo unywe kahawa, au huko kaburini kahawa ni haramu?"

Nikaenda. Nadhani alishtuka kidogo. Nikavua kofia, nikawaamkia wazee, nikapokea kikombe, nikaketi kando yake. Yeye akaushika ukosi wa koti langu kwa ncha za vidole.

"Nguo ya maiti hini," akawaambia wenzake. "Yanuka kafuri."

"Ni kweli," nikasema. "Ni nguo ya maiti. Na maiti mwenyewe nalimjua."

Wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Alikufa ndani ya nyumba hini uliyoiegemea," nikasema. "Chumba cha juu, dirisha la pili. Alikuwa na mwana mmoja Uarabuni."

Nikalifungua koti, nikamwonyesha bitana. Kiraka cha leso kilikuwa pale, rangi zake hazijafifia sana. Leso ile, Bi Mkubwa aliwahi kunisimulia, aliikata vipande akaitumia nyumba nzima, na foronya ya mto wake yeye, aliokuwa akilalia utotoni, ilitoka humo humo. Niliona macho yake yakishuka kwenye kile kiraka, na yasipande tena.

"Baba hakuwa na suti," akasema.

"Alikuwa nayo wewe hujajua kufunga suruali."

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwema angeishia hapo. Mimi nilinyoosha mgongo, nikaigiza sauti yake ya kwenye simu, kwa ile haraka yake ya mtu mwenye wateja, mbele ya watu wote: "Mwambieni avumilie. Mwezi ujao naja."

Mzee mmoja aliweka kikombe chini na kutafuta viatu vyake. Mwingine akakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama. Muuza kahawa akajishughulisha na makaa yake. Nikamshukuru mwenyeji wangu kwa kahawa, nikavaa kofia, nikaondoka. Nilivuka Feri jioni ile nimeshiba kama niliyetoka karamuni, na muuza karanga aliponiuliza kama ndiyo natoka harusini, nilimwambia ndiyo.

Kesho yake asubuhi yule wa Kibokoni alikuja ofisini. Saa yake hakuivaa. Aliniita kaka, yeye aliyeniita maiti, akaniomba nimrejeshee ile suti. Akasema aliporudi hakukuta kitu cha babake, hata tasbihi, kwa kuwa dada zake walikwishagawa kila kilichobaki. Akasema atanishonea suti nyingine mpya, ya kitambaa nitakachochagua mwenyewe.

"Sadaka haiuzwi wala hairejeshwi," nikamwambia. "Wewe mtoto wa Kibokoni, umesoma kuliko mimi."

"Basi kofia tu, kaka."

"Hata kofia."

Midomo ikamtetemeka. Nilimtazama hadi ilipotulia, na sikuona huruma hata chembe.

"Basi n'takuletea shefaa," akasema. "N'takwenda kwa mamangu."

Hapo nikapoa. Kwetu pwani ukikataa ombi, mwenzako humtanguliza mtu usiyeweza kumkatalia, ndiyo shefaa, naye alikuwa na mtu huyo. Bi Mkubwa ndiye aliyenipa suti. Nimekula chakula chake miaka, na nilipougua homa aliniletea uji chumbani. Akisema toa, nitatoa, hata kama ni ngozi. Nikaanza kuichukia Jumapili ambayo yule mwana aliniambia niende kwa mamake. Aliniagiza niilete suti ndani ya mfuko. Mimi nikaivaa. Nilisema kama nitavuliwa, basi nivuliwe mbele ya watu, naye aone inavyonikaa.

Nyumba ya dadake ni fleti ya Ganjoni, ghorofa ya juu. Alinifungulia mlango yeye mwenyewe, akaniona nilivyovaa, akauma mdomo. Nikatundika kofia msumarini kando ya mlango. Bi Mkubwa alikuwa ameketi mkekani, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho yamezidi kufifia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo karibu, nikuone kwa mikono."

Nikapiga magoti. Alipapasa mkono wa koti kuanzia begani kushuka, taratibu, akafika kwenye vifungo.

"Hiki si chake."

"Kilianguka, Bi Mkubwa. Nikatia kingine."

"Basi waitunza," akasema. "Yakukaa vyema?"

"Yanikaa."

Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mama, mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Anirejeshee. Wewe ndiwe uliyempa. Akisikia kwako atatoa." Akasogea karibu. "Hukujua kuwa mimi n'taitaka. Lau ungejua ungeniwekea."

"Nalijua," Bi Mkubwa akasema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa bado ameushika mkono wa koti langu.

"Nalijua utaitaka. Wewe ndiwe mwana mume peke yako, utataka kitu cha babako, nani asiyejua? Ndipo nikaitoa. Makaburini waliuliza mwana wa maiti yuko wapi, ashuke ampokee babake. Mimi sikuwako, mwanamke mimi, lakini habari niliziletewa nikiwa nimekaa eda. Wakauliza tena, watu wakatazamana. Huyu Mdigo akavua viatu akashuka. Alimlaza babako kwa mikono yake. Wewe wamwita maiti barabarani."

Nilikuwa nimejiandaa kuvuliwa. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Kisasi nilichokuwa nikikilisha kwa muda wote ule kilikuwa cha mtoto mbele ya hiki cha mama, kilichokaa kimya Ganjoni kikimsubiri mwenyewe aje kukiomba kwa miguu yake. Nilimwogopa mama yule, na chini ya hofu ile nilifurahi. Sitasema uongo: nilifurahi sana.

"Nenda, mwanangu," akaniambia. "Ipitishe Kibokoni kama kawaida yako. Na ukifika pale kwetu, pita polepole."

Nikasimama. Akamgeukia mwanawe, akaelekeza kidole pale alipodhani mlango upo.

"Mpe mwenzio kofia yake."

Mtu yule alikwenda msumarini, akaitungua kofia ya babake, akaitazama ndani, mahali penye alama ya jasho la kale. Alinipa kwa mikono miwili. Nikaivaa pale pale mbele yake, nikaikaza.