Kufuli na Ndoo ya Simu

Kikosini walimwita Kufuli, na si kwa sababu alikuwa mkali. Wakali walikuwapo wengi, na wengi wao hawakudumu. Walimwita hivyo kwa kuwa neno likishaingia kwake halitoki mpaka mwenyewe atake, na mwenyewe hakuwa na tabia ya kutaka. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa akiwaambia wateja kwamba ameolewa na benki mbovu: "Kuweka unaweka kila siku. Kutoa ndiko kuna foleni."

Kazi aliianzia barabarani, akiwa na glavu nyeupe na filimbi, akiongoza magari kwenye makutano yenye vumbi. Ulipokuja wito wa kuunda kikosi maalumu cha kupambana na magaidi, alijiandikisha pamoja na vijana wenye vifua vya kupigia ngoma. Wakalazwa juani, bunduki mikononi, wakaambiwa wasubiri amri ya kufyatua. Wote walidhani wanapimwa shabaha. Amri haikuja. Mmoja akaomba maji, mwingine akauliza kama wamesahauliwa, wa tatu akanyanyuka kujinyoosha, na kila aliyetikisika aliambiwa achukue begi lake arudi alikotoka. Jioni mkuu alipokuja kutazama, Kufuli alikuwa bado amelala palepale na sisimizi wakipita shingoni mwake. "Huyu hata mkimwacha hapo mkaenda likizo, mtamkuta," mkuu akasema. Wakamchukua, na miaka ikapita, akawa kamanda wao.

Kama nawe ulidhani kazi ya watu hawa ni kuruka madirishani na kubingirika, pole sana. Kazi yao ni kungoja. Wanajipanga safu ubavuni mwa mlango, kila mmoja kaweka mkono wa kushoto begani kwa aliye mbele yake. Wa kwanza ameshika gogo la chuma lenye mishikio miwili, la kuvunjia mlango. Hakuna anayesema. Wa mwisho akiwa tayari humbana bega wa mbele yake, naye humbana wa mbele yake, mpaka mbano umfikie mwenye gogo. Hapo ndipo mlango unapokwenda. Na kama wa kwanza ataanguka, wa pili anaruka anachukua nafasi yake, bila kuagizwa. Hilo walilifanyia mazoezi katika nyumba ya mbao nyuma ya kambi mpaka mbwa wa walinzi wakalichoka. Kufuli alikuwa akisema kuwa pengo mlangoni halitakiwi kudumu hata muda wa kupiga chafya.

Siku moja, safu ikiwa imekwisha kujipanga, askari mmoja alisoma kwenye simu yake kwamba mwanawe amelazwa. Alijikaza kisabuni, lakini mkono ukamtetemeka. Aliyekuwa mbele yake akadhani amebanwa bega, akambana wa mbele, na safu nzima ikaingia kabla ya wakati. Mwenye duka waliyekwenda kumwokoa alitoka hai, bila mkono mmoja.

Tangu hapo Kufuli akaweka ndoo. Ilikuwa ndoo ya plastiki ya bluu, ya kawaida kabisa, ile ya kufulia. Kabla ya kutoka kila mtu, kuanzia kamanda mwenyewe, alitumbukiza simu yake humo, na ndoo ikakaa kwa Mama Redio, mama mnene mwenye sauti ya upole aliyeshika mitambo ya mawasiliano. Simu ikilia anapokea yeye, anasikiliza, anasema, "Nimekupata, mwanangu," halafu anakaa na habari hiyo mpaka kazi iishe. Aliyezaliwa angengoja, na aliyekufa angengoja. "Habari za nyumbani hazina miguu," Kufuli aliwaambia. "Mkitoka mtazikuta palepale." Ikawa kawaida, na kawaida ni kama sheria.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akipiga pasi gauni la mteja, akasema kichwa kinamuuma kwa nyuma, kama mtu anayemgonga kutoka ndani.

"Meza kidonge ulale kidogo," Kufuli alimwambia, akifunga kamba za buti.

"Nikilala nani atamaliza gauni la watu? Wewe nenda bwana, kamata hao wabaya wako."

Walikwenda kuzingira nyumba moja pembezoni mwa mji, iliyosemekana kuwa na watu wanaotengeneza mabomu. Walilala nyasini kutwa nzima. Pazia la chumba cha mbele lilikuwa likitikisika, likitulia, likitikisika tena, na kila mmoja wao aliapa kwamba kuna mtu anachungulia. Kufuli hakutaka kumwaga damu bure. Akangoja. Jua lilipoanza kuinama ndipo wakavunja mlango, wakakuta mikeka, sufuria chafu, na feni iliyosahauliwa ikiwaka, inageuza shingo huku na huku na kulipepea pazia. Wanaume wazima wenye silaha, kutwa nzima, walikuwa wamezingira feni. Walicheka mpaka wakashika mbavu, na Kufuli alicheka nao.

Alipofika kwenye gari la mawasiliano, Mama Redio alisimama. Mama yule hakuwa mtu wa kusimama ovyo; magoti yalimsumbua. Kicheko kikamkauka Kufuli mdomoni.

"Nani?" akauliza.

"Mama watoto, Afande. Mshipa wa kichwani umepasuka. Binti yako ndiye aliyepiga, asubuhi. Akapiga tena. Mchana akapiga akasema..." Akashindwa kumalizia. "Akasema sasa haina haraka."

Kufuli alimtazama, akaitazama ndoo, akatoa simu yake akaifuta kwa kiganja kana kwamba imelowa. "Umefanya kazi yako," akasema.

Siku watu walipotawanyika baada ya mazishi, binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa anasoma sekondari bado. Alimfuata baba yake uani alikokuwa akikusanya viti vya kukodi.

"Baba, wangekuambia, ungekuja?"

"Ningekuja, mwanangu."

Alijibu haraka mno. Yeye mwenyewe aliusikia ule uharaka, na binti akausikia, maana aliinama akachukua viti viwili akaondoka navyo.

Unaweza kudhani alirudi kambini akaitupa ile ndoo. Hakuitupa. Kama sheria ilikuwa mbaya, basi mkewe alikufa akimsubiri mtu aliyekuwa amelala nyasini akichunga feni, na hilo Kufuli hakuwa na kifua cha kulibeba. Ilimpasa iwe sheria nzuri. Ilimpasa iwe kweli kwamba mtu mmoja akitoka kwenye safu, wote wanakwisha. Kwa hiyo akaishika kwa nguvu zaidi, akaifundisha kwa vijana wapya, na habari ya mwenye duka aliyepoteza mkono ikawa hadithi ya kuwatishia. Akapandishwa cheo. Akavikwa nishani na wakubwa waliomsifia uzalendo mpaka akahisi anavikwa kilemba cha ukoka. Nyumbani, cherehani ilikaa imefunikwa shuka, na alikuwa akiipita kwa ubavu kama mtu anayepita mlangoni kwa anayemdai.

Binti alikua, akasomea dawa, akafungua duka la dawa mtaa wa pili. Adabu hakumpunguzia baba yake. Alimwamkia, alimpimia presha, alimpelekea matunda. Ila mara mojamoja, katikati ya maongezi ya kawaida kabisa, alikuwa akiliuliza tena swali lile kwa maneno yaleyale. Naye Kufuli alikuwa akijibu kwa maneno yaleyale. Alijua kuna kitu binti anakingoja, na kwamba kila akijibu wanasogeleana kidogo kwa mdomo na kuachana zaidi kwa moyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko nishani zote zilivyomfurahisha. Alimtaka mwanawe. Hakuwa na mwingine.

Kazi yake ya mwisho ilimkuta akiwa amekwisha kuagwa kwa soda na hotuba. Mtu mmoja mwenye mkanda wa mabomu kiunoni alikuwa amejifungia katika ofisi ya posta pamoja na wafanyakazi, na kamanda mpya alikuwa bado hajaapishwa. Kufuli akavaa sare tena. Safu ikajipanga kwenye mlango wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Mwenye gogo alikuwa askari waliyemwita Hodi, kwa kuwa ndiye aliyebisha milango yote ya kikosi na hakuna hata mmoja uliowahi kumjibu karibu. Hodi alikuwa mwanafunzi wake hasa. Alisimama kama yeye na kunyamaza kama yeye. Wenzake walikuwa wakimtania kwamba ni kufuli dogo.

Wakiwa pale, Kufuli akiwa nyuma ya ukuta, akamwona Mama Redio anakuja kwa miguu kutoka kwenye gari, anachechemea. Hakuwahi kuliacha gari lake.

"Mke wa Hodi yuko chumba cha upasuaji," akamnong'oneza. "Mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Anamwita mumewe."

"Mama, sheria unaijua."

"Naijua, Afande. Niliikalia habari moja, mpaka leo haijanishuka. Safari hii sikai nayo. Ikalie wewe."

Akageuka, akarudi zake akichechemea.

Kufuli alimtazama Hodi, mabega yake mapana, lile gogo mikononi, mkono wa mwenzake begani. Akajiambia: nitamwambia. Na hapohapo akajua kwa nini anathubutu. Alikuwa na hakika Hodi atakataa. Hodi atatikisa kichwa, atasema kazi kwanza, Afande, na hapo itaonekana wazi kwamba hakuna mwanamume wa kikosi hiki ambaye angekwenda, na kwamba swali la binti halikuwa swali la haki. Akapiga moyo konde, akamsogelea, akamwambia sikioni.

Hodi hakuuliza kitu. Alichuchumaa, akaliweka gogo chini polepole lisilie, akainuka, akaondoka. Mwanzoni alitembea. Alipovuka utepe wa polisi akaanza kukimbia, na buti zake zikasikika kwenye lami mpaka kwenye kona.

Na wa pili akapiga hatua mbele, akaliokota gogo. Wa tatu akamsogelea, wa nne akasogea, mikono ikarudi mabegani. Pengo likazibika. Hakuna aliyeagizwa. Ndicho Kufuli alichowafundisha nyuma ya kambi miaka yote ile: mtu akianguka, mwenzake anaingia. Aliwafundisha pengo la maiti, na haikumpitia kichwani hata siku moja kwamba pengo la maiti na pengo la mtu aliyekwenda kwa mkewe linazibwa kwa hatua ileile. Alisimama pale kando ya mapipa ya taka, macho yakamjaa, na akashukuru kwamba kofia ina kioo.

Bega likabanwa. Mlango ukaenda. Mtu wa mabomu alishikwa mikono kabla hajagusa swichi, na wafanyakazi wa posta wakatoka wakilia, wakikumbatiana na kila waliyemkuta. Hodi alipata mtoto wa kike, na mkewe akapona. Hakuna hata mmoja kikosini aliyemlaumu kwa kuondoka. Walimtania tu kwamba hatimaye amebisha mlango ukamjibu.

Kesho yake Kufuli alikwenda kwenye duka la dawa. Binti alikuwa amevaa koti jeupe, anamhesabia mteja vidonge. Kufuli akangoja zamu yake kwenye foleni, maana kungoja alikujua. Mteja alipotoka, akamsimulia binti kuhusu Hodi, yote, mpaka buti kwenye lami. Hakuwahi kumsimulia kazi yake hata siku moja.

Binti alimsikiliza huku akipanga vichupa vya dawa ya kikohozi.

"Kwa hiyo watu huondoka," akasema.

"Huondoka."

"Na kazi ikaisha vizuri?"

"Ikaisha vizuri."

Binti akaviacha vichupa. "Na wewe, baba? Wangekuambia, ungekuja?"

Jibu la zamani lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Nisingekuja," akasema. "Ningesema mama yako ana nguvu, atanisubiri. Ningebaki palepale nyasini. Nisamehe, mwanangu."

Alitarajia binti atalia, au atamfukuza dukani. Binti alishusha pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo, akatoka nyuma ya kaunta, akamshika baba yake mkono kwa mikono yake miwili.

"Nilijua," akasema kwa upole. "Na mama alijua. Mimi kukupigia nilimficha tu. Alikuwa amenikataza asubuhi ile, angali na fahamu."

"Alikukataza? Alisemaje?"

Binti alisita. Mteja alikuwa ameingia, mama mwenye mtoto mgongoni, akasimama kusubiri.

"Baba, acha. Ya zamani hayo."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Usimpigie baba yako. Usimpe nafasi ya kunikataa.'"

Mama mwenye mtoto akauliza kama kuna dawa ya homa ya watoto. Binti akauachia mkono wa baba yake taratibu, akarudi nyuma ya kaunta, akamwambia ipo, na akamuuliza mtoto ana umri gani. Kufuli akasogea pembeni ili asiwazibie njia.